Sensa Niliyoivisha Karatasi ya Mkate

Yote yaliletwa na ute. Si ute wa bamia, huo hata nakula. Huu ulikuwa na rangi ya chai iliyolala, mzito, wenye nyuzinyuzi ndani yake, na ulining'inia kwenye ncha ya sensa, kile kipimo cha majini, kama makamasi ya ndama mgonjwa. Shangazi aliuvuta kwa vidole vitupu, akaukung'utia kwenye nyasi, akafuta mkono kwenye leso yake, halafu kwa mkono huohuo akanipa hindi la kuchemsha.

"Kula. Mbona unaangalia tu?"

Nikasema nimeshiba. Ukweli ni kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mimi nikiwa kidato cha tatu. Mama alinitoa kwetu Tuwan, Kitale, akanituma Bungoma kwa shangazi, dada ya baba. Sikutumwa kufanya kazi. Nilitumwa kujifunza kuongea. "Huyu mtoto nikimwacha hapa atakaa na vitabu mpaka asahau sauti yake," mama alimwambia shangazi kwenye simu, mimi nikiwa nimeketi palepale. "Huko kwako kuna watu. Atazoea." Mimi ni mtu wa kuandika. Mtu akinisalimia, jibu linakuja baada ya yeye kupita.

Shangazi alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa, lakini si upande wenye pakiti nyeupe na watu waliovaa kofia safi. Alikuwa nyuma, ng'ambo ya ukuta, mahali ambapo maji yaliyoosha mashine na mapipa huja na mabaki yote. Hapo kulikuwa na tangi kubwa la saruji, refu kuliko nyumba yetu, na ndani yake maji ya kahawia yalitokota mchana kutwa bila moto. Povu lilipanda juu kama povu la busaa, ile pombe ya kienyeji. Harufu ilikuwa ya mtoto aliyecheua kwenye shuka na shuka likaachwa wiki nzima kitandani. Iliingia kwenye nywele. Usiku ililala nami.

Kazi ya tangi shangazi alinieleza siku ya kwanza, akiwa amesimama juu ya ngazi ya chuma kama mwalimu.

"Humu ndani kuna wadudu. Huwezi kuwaona, ni wadogo sana. Hao ndio wafanyakazi wenyewe, mimi ni msimamizi tu. Wanakula hii uchafu ya maziwa mpaka maji inatoka safi. Lakini si unajua mtu akila lazima apumue? Basi hiyo mashine unasikia ikinguruma ni blowa, inawapulizia hewa kutoka chini. Na hii" — akainua bomba jeusi lenye urefu wa tochi, lililofungwa kwenye waya mnene — "hii ni sensa. Inapima hewa imeyeyuka kwa maji ni ngapi."

Ncha ya sensa ilikuwa na kofia ndogo yenye kioo, na ndani ya kioo taa ya buluu ilipepesa kama jicho. Waya ulikwenda mpaka kwenye kisanduku ukutani, na kisanduku kilionyesha namba. Mbili, au karibu na mbili, ni sawa. Ikishuka chini ya moja, wadudu wanakosa pumzi. Kisanduku chenyewe ndicho kilichoendesha blowa: namba ikishuka, blowa zinakaza, namba ikipanda, zinalegea ili zisile umeme bure. Kazi ya shangazi ilikuwa kuandika namba kila saa kwenye kitabu, na kila asubuhi kuitoa sensa majini na kuifuta ule ute kwa kitambaa laini. Ute ukizidi, sensa inadanganyika.

Alikuwa amefanya hivyo miaka mitatu akiwa kibarua wa kuandikishwa upya kila mwezi. Mwisho wa Aprili ile angepewa barua ya kuajiriwa kabisa. Injinia aliyesimamia tangi, ambaye alikaa Kitale na kuangalia namba kwenye simu yake, alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake. Shangazi aliwaambia watu wa kanisa, na wakamwombea wakiwa wamemshika mabega. Nyumbani alishatoa kalenda kwenye msumari wa sebuleni. Msumari ulikuwa unangoja barua.

Wiki ya pili alikatwa na bati akitengeneza paa la banda la kuku. Kiganja cha mkono wa kulia kilipasuka, kikashonwa nyuzi sita, na kwenye zahanati akaambiwa asikitie kwenye maji machafu hata kidogo. Jioni hiyo hakuniangalia usoni alipokuwa akiniambia.

"Utanisaidia tu siku chache. Wewe futa, mimi naandika. Soja wa geti hawezi sema kitu, huyo ni wetu. Lakini mtu mwingine asikuone juu ya tangi. Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hivyo ndivyo ninavyokubali mambo.

Asubuhi ya kwanza niliivuta sensa kwa waya, nikahesabu pumzi zangu, nikaishika. Ute ulikuwa wa uvuguvugu. Sikuwa nimetarajia hilo. Nilidhani kitu cha kuchukiza kama kile lazima kiwe baridi. Ulijipenyeza katikati ya vidole, ukaingia chini ya kucha, na nilipoufuta kitambaa nacho kikawa ute. Nilitapika maji matupu pembeni ya ngazi. Soja, mzee mmoja wa Bungoma aliyevaa koti la mvua hata kukiwa na jua, aliniona kutoka getini.

"Ati msomi anatapika! Zoea bana. Mimi nirianza hivyo, rakini sasa harufu ikikosa sirari."

Shangazi akacheka mpaka akashika mkono wake wenye bandeji. Mimi sikucheka. Siku nzima niliosha mikono kwa sabuni ya kipande na bado niliinusa. Jioni alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, nami nikimsaidia kushika sufuria, na kila tonge nililomeza nilimwona yeye miaka mitatu akivuta ule ute, halafu akipika, halafu akiwapa watu mkono kanisani. Nilimwonea kinyaa shangazi yangu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni yeye aliyekuwa akinipa kipande kikubwa cha samaki kila siku.

Siku ya tatu asubuhi nikapata wazo langu.

Tulikuwa tumekunywa chai na mkate, na karatasi ya mkate ilikuwa mezani, ile ya nailoni inayong'aa. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Kwenye tangi nilifuta sensa mara ya mwisho, vizuri kabisa, mpaka kioo kikawaka. Kisha nikaivisha ile karatasi, nikaweka ndani maji safi kidogo ya bomba ili isikauke, nikaikaza shingoni kwa raba yangu ya nywele, ya buluu. Niliona nimefanya jambo la maana sana. Mezani kwetu mama hufunika rimoti ya televisheni kwa nailoni ili isishike mafuta, na inafanya kazi vilevile. Sasa ute ungeshika karatasi, na mimi baada ya siku kadhaa ningebadilisha karatasi tu. Nikaishusha sensa majini. Nilishuka ngazi nikiwa na mikono mikavu.

Baada ya muda mfupi namba ikapanda. Tatu. Nne na nusu. Kufika saa sita ilikuwa saba nukta moja.

"Mungu wangu, saba!" shangazi akasema. "Tangu nianze hapa sijaona saba."

Alijua namba ndogo ni mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia namba kubwa inaweza kuwa mbaya, kwa sababu haikuwahi kutokea. Blowa zilipunguza sauti zenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka tukaweza kusikia ndege kwenye miti ya mikaratusi. Povu likalala. Shangazi akaandika saba kwenye kitabu kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa zimelala upande kama za mtoto wa darasa la kwanza, akapiga mstari chini yake.

Kesho yake ujumbe ukaja kutoka kwa injinia. Shangazi aliusoma kwa sauti mara mbili, akamsomea na soja: "Namba nzuri sana na umeme umeshuka. Kazi safi mama. Endelea hivyo."

"Hiyo barua umeshapata," soja akasema. "Nunua soda."

Nami niliamini ni mimi niliyeleta baraka hiyo. Nilisafisha vizuri kuliko yeyote, nikafunika, na sasa kila mtu anafurahi. Nilikaribia hata kuongea.

Jumamosi mchana maji yakaanza kubadilika rangi. Kahawia ikawa kijivu, na kijivu ikawa nyeusi kama mafuta yaliyomwagwa gereji. Harufu ya maziwa yaliyocheuliwa ikaondoka, na nilishukuru kwa saa moja hivi, kisha ikaja nyingine iliyonifanya niitamani ya kwanza. Mayai viza. Mayai viza yaliyozikwa na mzoga wa mbwa. Mapovu makubwa yalipanda polepole kutoka chini, yakapasuka, na kila moja lilipopasuka macho yaliwasha. Namba ilikuwa bado saba.

"Hii si kawaida," shangazi akasema, lakini aliangalia namba, na namba ikamtuliza.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja kwenda kiwandani kwa sababu soja alipiga simu kwamba watu wa nyumba za jirani wamekuja getini wakiwa wamefunga pua. Shangazi alikuwa na gauni lake la zambarau na viatu vya kisigino. Alipanda ngazi hivyohivyo. Akaivuta sensa juu kwa mkono mzima.

Nilikuwa chini. Niliona karatasi ya mkate ikitoka majini, imevimba, nyeusi nje, na ndani yake maji safi yakimeremeta, na lile jicho la buluu likipepesa kwa raha. Sensa ilikuwa imepima maji yangu ya bomba siku tatu nzima. Ikakiambia kisanduku kwamba kuna hewa ya kutosha, kisanduku kikaamini, blowa zikalegea, na wafanyakazi wa shangazi yangu wakakosa pumzi wote.

Shangazi aliiona raba ya buluu. Hakupiga kelele. Aliifungua polepole, akamwaga maji, akaikunja karatasi, akaiweka na raba yake ndani ya mkoba wa Biblia. Alishuka.

"Umeona kinyaa," akasema.

Nikaificha mikono yangu nyuma.

"Si ungeniambia? Ungesema tu, anti mimi siwezi. Ningetumia mkono wa kushoto."

"Nitamwambia injinia ni mimi," nikasema. Hiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu nifike Bungoma.

"Utamwambia nini? Ati mtoto wa shule alipanda juu ya tangi mimi nikiwa nimekaa na bandeji? Unajua mtu akianguka humo haogelei? Maji ikiwa na ile hewa ya chini haibebi mtu. Hapo sipewi barua, napewa geti." Akavua viatu vya kisigino, akabaki miguu mitupu kwenye saruji. "Hapa kuna mtu mmoja alikosea, na huyo mtu ni mimi. Niliinua sensa kuifuta, mkono ukauma, sikuirudisha mpaka majini. Ilibaki hewani, ikapima hewa ya nje. Hiyo ndiyo maneno. Wewe unajua kunyamaza, sasa nyamaza."

Injinia alifika Jumatatu, leso ikiwa puani. Alikuwa mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa. Alisoma kitabu cha namba ukurasa baada ya ukurasa.

"Saba! Mama, saba, na wewe ukaandika tu?"

"Niliandika," shangazi akasema. "Na wewe ukaniandikia kazi safi."

Soja alikohoa kwenye koti lake. Injinia alifunga kitabu. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa na karatasi yake ya kuficha, maana yeye alisomea kazi hii na alijua maji yale hayawezi kufika saba hata blowa zikipasuka. Alipenda tu namba.

Kisha akaniona.

"Na huyu?"

"Mtoto wa kaka yangu. Ananiletea chakula."

"Msichana, wewe uliguza kitu hapa?"

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa akiangalia bandeji yake. Nikatikisa kichwa: hapana.

"Ona adabu," injinia akasema. "Watoto wa siku hizi wangekuwa wameshanijibu maneno kumi."

Maisha yangu yote watu wamesifu huku kunyamaza kwangu, na sikuwahi kujua kuna ladha. Siku ile kulikuwa na ladha. Ilikuwa ya uvuguvugu, kama ule ute.

Alichosema injinia baadaye ni hiki: kama maji yatafufuka kabla ya mwisho wa mwezi, barua itatoka. Yasipofufuka, atahitaji jina la kupeleka juu, na jina ni la shangazi. Zilibaki siku kumi na moja. Blowa zikawashwa zote kwa nguvu, lakini hewa peke yake haitoshi. Wafanyakazi wamekufa, lazima uajiri wengine. Tope lenye uhai lilipatikana kwenye tangi la kiwanda kingine karibu na Kitale.

"Ni kama chachu ya busaa," soja akanieleza, kana kwamba mimi si mjukuu wa mpika busaa. "Yako ikioza, hurii. Unabeba chungu unaenda kwa jirani."

Basi tukaenda na pikapu ya kiwanda, shangazi mbele na dereva, mimi nyuma na madramu manne matupu. Tulirudi siku hiyohiyo yakiwa yamejaa, na kesho yake tena, na tena. Bomba la kule lilikuwa limeziba, kwa hiyo tope tulilichota kwa ndoo. Shangazi hakuniambia nichote. Alishika ndoo kwa mkono wa kushoto, akainama, na bandeji ya mkono wa kulia ikawa inacheza hewani karibu na tope. Nikamnyang'anya ndoo. Tope liliingia kwenye gambuti, likapanda mpaka kwenye soksi. Lilikuwa na ule ute, mwingi kuliko niliowahi kuona, ndoo baada ya ndoo ya ute. Nilitapika mara mbili, nikaendelea kuchota. Singependa mtu afikirie kwamba nilizoea. Sikuzoea. Hata leo nikikumbuka, mate yananijaa.

Safari ya pili tulipitia Tuwan kwa dakika chache nichukue nguo nyingine. Mama alitoka mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni nini hii unanuka? Na umeanza kuongea na watu, lakini?"

"Kidogo," nikasema.

Njia yote kutoka Kiminini mpaka Misikhu madramu yalimwaga matone kwenye mapaja yangu, na waliokuwa wakivuka barabara walifunika pua wakaniangalia mimi, si madramu.

Siku ya kwanza baada ya kumimina tope, namba ilikuwa sifuri nukta mbili. Safari hii sensa ilikuwa uchi majini, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeifuta kila asubuhi, mkono wa kushoto, akiwa amekaa kwenye ngazi na sensa imebanwa magotini kama mtoto anayeoshwa uso. Mimi sikuruhusiwa tena kupanda. Sifuri nukta tatu. Sifuri nukta tatu tena, siku mbili, na jioni hizo alikaa tu sebuleni akiutazama ule msumari. Kisha sifuri nukta nane. Weusi ukapauka. Moja nukta mbili. Siku ya tisa kati ya zile kumi na moja nilifika na chakula nikakuta shangazi amesimama, ameinua pua.

"Nusa."

Nikanusa. Harufu ya mtoto aliyecheua ilikuwa imerudi, na chini yake harufu ya udongo baada ya mvua. Namba ilisema moja nukta tisa. Shangazi alikaa chini kwenye saruji akalia, akijifuta kwa leso ileile.

Barua ilikuja siku ya mwisho ya mwezi. Injinia aliileta mwenyewe, akakusanya watu wa upande ule, wachache tu, akamkabidhi shangazi mbele yao. Alisema makosa hutokea kwenye kazi ila watu wa kurekebisha ni wachache. Hakusema ujumbe wake wa kazi safi. Halafu akaniona nimesimama nyuma ya soja.

"Na huyu binti akimaliza shule aje hapa kwa mafunzo. Nimemwangalia. Ametulia, haguziguzi vitu vya watu."

Shangazi akacheka kwa sauti kubwa mno. Soja akageuka akaniangalia, muda mrefu, kutoka ndani ya lile koti, na nikajua kwamba tangu mwanzo alikuwa anajua. Injinia alinyoosha mkono. Niliupokea. Ulikuwa mkavu na safi, na niliuonea kinyaa kuliko chochote nilichokishika Aprili ile, halafu nikakumbuka kwamba na yeye ameshika wangu.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Shangazi hakutaka barua ilowe, akafungua mkoba wa Biblia akatoa karatasi ya mkate. Alikuwa ameiosha. Aliitia barua ndani, akakunja mdomo mara mbili, akaikaza kwa raba ya buluu.

"Nyumbani utatoa," nikamwambia. "Hiyo karatasi. Usiitundike nayo."

"Nitatoa," akasema. "Lakini mpaka tufike, acha ifanye kazi yake."

Nilirudi Tuwan siku iliyofuata. Mama alikuwa amenunua mkate kwa ajili yangu. Niliutoa kwenye karatasi, nikakata vipande vinne, karatasi nikaitupa jikoni kwenye makaa. Ikajikunja, ikatoa moshi mbaya, mama akaja mbio akipunga leso.

"Wewe! Nani anachoma nailoni ndani ya nyumba? Kwani kuna nini?"

Alinisubiri nijibu. Alisubiri kweli, maana hiyo ndiyo sababu ya kunituma.

"Hakuna kitu, mama," nikasema, na nikasikia sauti yangu imetoka vizuri, haikutetemeka hata kidogo.